Upande wa Kushoto

Kileleshwa,
4 Machi 2025

Kwa Baba,

Nakusalimu kwa karatasi, maana Jumapili niliondoka kwako bila kusema nililokuja kusema, kama kawaida yetu. Tulikula, tukasikiliza taarifa ya habari, ukanipa mapapai mawili, ukanifikisha langoni. Basi. Kati yetu hakuna aliyefungua roho. Ndiyo maana mpaka leo tunanunua stempu.

Ofisini hunicheka wakiniona nikielekea Posta na bahasha saa ya chakula. Debra, tunayekaa naye meza moja, huniuliza, "Si umpigie tu mzee wako simu? Kwani Woodley ni Ulaya?" Simwelezi kwamba baba yangu kwenye simu ni mtu wa maneno matatu: haya, sawa, basi. Kwenye karatasi ndipo ninapokupata, tangu uliponipeleka shule ya bweni na kuniacha langoni bila kunikumbatia, kisha wiki hiyohiyo nikapokea barua yako ya kurasa nne.

Uliniuliza habari za kazi. Nimehamishwa. Nimetoka meza ya uzazi na sasa nimo meza ya figo. Kazi ni ileile: daktari akishafanya lake, mimi husoma alichoandika na kukigeuza kuwa misimbo, yaani namba ambazo bima inazielewa, ndipo hospitali ilipwe. Wengi wa wagonjwa wangu ni wale wanaowekewa mpira mgongoni, unaopenya hadi kwenye figo ili mkojo ushuke kwenye mfuko pale njia yake ya kawaida inapoziba. Mbele ya kila faili huwa nina maswali matatu. Ni upande gani, kulia au kushoto? Mpira ni mpya, au umebadilishwa wa zamani? Na nani ametia sahihi? Jibu moja likikosekana, bima inarudisha karatasi. Hata kama chumba kizima kiliona mpira ukiingia, daktari asipoandika upande, kwetu jambo hilo halikufanyika. Nimeizoea sheria hiyo, ila siku nyingine inaniudhi.

Karatasi yoyote ya figo katika hospitali hii inapita mikononi mwangu. Ujue mwanao amekuwa mtu mkubwa.

Sasa lile nililokuja kusema. Ulikaa umeegemea upande mmoja tangu nilipofika hadi nilipoondoka, na koti hukulivua ingawa jua lilikuwa kali. Nini hicho, Baba?

Mwanao,
Mbithe


Woodley,
13 Machi 2025

Mwaitu,

Naona umeanza kunikagua kama bomba la barabarani. Ni mgongo tu. Mtu aliyeinama miaka thelathini kwenye mitaro ya Halmashauri ya Jiji akifunga mabomba ya wenzake, ulitaka astaafu na mgongo wa nani? Koti nalo ni langu, nalivaa nikitaka.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Nilipofika pale kwenye meza ya figo niliiweka chini nikaenda kumwagilia sukuma kwanza. Nimefurahi, usidhani sikufurahi. Mamangu, uliyerithi jina lake hata nikakuita Mwaitu, yaani mama, hakujua kusoma hata kibao cha duka, na leo Mbithe wa pili anasoma maandishi ya madaktari, ambayo hata wao wenyewe hawayasomi. Ila nilidhani bado uko kule kwa akina mama na watoto wachanga. Huko kulikuwa kuzuri. Kwa nini wakuhamishe?

Nina swali, si langu. Mzee Njuguna wa nyumba ya kona amewekewa mpira kama huo ulioutaja. Aliambiwa arudi baada ya miezi mitatu ukabadilishwe. Sasa anauliza, kama hauna maneno na mkojo unashuka vizuri, lazima arudi? Mimi nilimwambia bomba lisilovuja halifunguliwi, lakini yeye ni mbishi. Anauliza pia kama karatasi za mtu wa bima ya wastaafu nazo zinaletwa mezani kwako, au hizo zina meza yake. Nauliza kwa niaba yake tu. Ni mtu wa aibu.

Philister wa mlango wa pili anakwenda Ngong Road kununua uzi wa kushonea, kwa hiyo nampa barua hii aitie sandukuni. Anakusalimu. Anasema uolewe.

Wako,
Kitonga


Idara ya Madai, Ghorofa ya Tatu
21 Machi 2025

Kwa Bi. Waceke Kuria,
Mkuu wa Idara

Naomba kuondolewa kwenye faili niliyoikabidhi kwako asubuhi hii ikiwa imefungwa.

Ni dai la Januari lililorudishwa na bima kwa sababu Daktari Kiragu aliandika "mpira umewekwa kwenye figo" bila kutaja upande. Kama ujuavyo, majina hatuyaoni, tunaona namba tu. Nilikuwa nikisoma maelezo ya wauguzi nikitafuta kama kuna aliyetaja kulia au kushoto. Sikupata upande. Nilipata sentensi hii: "Mgonjwa amekutwa amefunga kiungo cha mfuko kwa utepe mweupe wa mabomba. Ameelezwa haifai. Anasema jiji zima halivuji kwa sababu ya utepe huo."

Sikuhitaji jina. Mtu huyo ndiye aliyenifungia chupa ya maji ya shule kwa utepe huohuo.

Umri ni wake, mtaa ni wake. Na chini, mahali pa ndugu wa karibu, pameandikwa "hakuna".

Kanuni inasema tusiguse faili ya mtu wa nyumbani, nami naitii. Lakini naomba unijibu kama mtu na si kama mkuu wa idara. Juzi ameniandikia akiuliza juu ya mpira wa figo, akisema ni wa jirani. Mzee Njuguna wa nyumba ya kona alizikwa Krismasi ya mwaka juzi, nilikuwepo. Naweza kumwambia baba yangu kwamba najua?

Mbithe Kitonga


Idara ya Madai
24 Machi 2025

Mbithe,

Faili amepewa Debra. Kuanzia leo haitafunguka kwako, hata ukiitafuta kwa namba. Usimuulize Debra, na Debra hatakuambia.

Swali lako nimelala nalo siku mbili. Mgonjwa huyo alitia sahihi kwamba habari zake asipewe mtu yeyote wa familia. Alikuwa na akili timamu na ni haki yake. Ukimwambia umeziona, au umeondolewa kwenye faili, au uliigusa, utakuwa umeitoa siri ya mgonjwa. Hapo nitalazimika kukufukuza kazi, nami nitalia nikikufukuza, lakini nitakufukuza. Tukianza kuchagua siri za kutunza, hakuna mzee wa mtaa huu atakayekubali kuvua shati mbele ya daktari wetu.

Sasa nakujibu kama mtu. Wewe ni mwanawe. Hakuna kanuni inayomkataza mtoto kumuuliza mzazi wake ana nini. Atakachokuambia kwa hiari yake ni chako, ukitumie. Muulize mpaka akuambie.

Nilimuuguza mume wangu bila kujua ninauguza nini, kwa hiyo usidhani naandika haya kwa raha.

Waceke


Kileleshwa,
26 Machi 2025

Kwa Baba,

Nimepata barua yako na nimekaa nayo zaidi ya kawaida.

Naanza na jirani yako. Mwambie arudi. Mpira ule si bomba la chuma. Chumvi ya mkojo huganda ndani yake polepole na mtu asisikie lolote. Siku atakaposikia, uchafu utakuwa umeshapanda hadi kwenye figo na kuingia kwenye damu. Miezi mitatu ikifika abadilishiwe hata kama hauna maneno. Mfuko usipojaa, au akipata homa ya kutetemeka, aende siku hiyohiyo, asingoje kupambazuke. Kama hana mtu wa kumpeleka, mimi nitampeleka. Nitaomba ruhusa kazini. Kama hataki kuulizwa neno njiani, sitamuuliza hata moja.

Kuhusu karatasi zake, siwezi kukuambia karatasi za nani zinakwenda meza gani. Hayo nimekatazwa. Ninachoweza kusema ni kwamba aibu yake asiiweke mbele ya uhai wake.

Sasa nageukia kwako. Nakuuliza moja kwa moja, kama ambavyo sijawahi kukuuliza: Baba, unaumwa nini? Usiniambie mgongo. Ukiandika sentensi moja tu, iwe fupi namna gani, nitajua la kufanya. Usipoandika, mikono yangu imefungwa, na siwezi hata kukueleza kwa nini imefungwa. Ninakuomba. Naogopa, Baba, na sijui kuogopa mbele yako nikiwa nimekaa kwenye kiti.

Mwanao,
Mbithe


Woodley,
9 Aprili 2025

Mwaitu,

Samahani kwa kuchelewa kujibu. Mwandiko usiuangalie sana, nimeandikia kitandani kwa uvivu.

Jirani nimemfikishia. Amekushukuru na anasema atafikiri.

Umeniuliza ninaumwa nini. Nami nikuulize, unakumbuka ulikuwa na umri gani mama yako alipolala kwa ugonjwa? Ishirini na mbili. Ulikuwa umebakisha mwaka mmoja umalize chuo cha uuguzi. Ulipoinuka kando ya kitanda kile ulikuwa na ishirini na saba, wenzako wameshahitimu, wengine wameolewa, na wewe unajua tu kugeuza mgonjwa asipate vidonda. Hukulalamika hata siku moja. Nilikuwa nakusikia ukifua shuka usiku huku unaimba kwa sauti ya chini ili tusijue unalia. Nilikuwa sebuleni. Sikuja kukusaidia kufua kwa sababu sikujua ningesema nini nikifika.

Siku tuliyomzika nilijiapia kwamba kando ya kitanda cha pili hutaketi. Sasa una kazi, una nyumba yenye lifti, una rangi usoni. Ndiyo furaha yangu yote, sina nyingine. Kwa hiyo usiniulizeulize. Mgongo ni mgongo.

Pasaka usije. Najua umepanga kuja, lakini wenzako wa ofisini wanakwenda Naivasha, uliniambia. Nenda nao, ule samaki, upige picha. Mimi nitakwenda kanisani na Philister na mtoto wa dadake. Nitakuandikia baada ya sikukuu.

Wako,
Kitonga


Getini, hospitali
Jumanne, 22 Aprili

Mbithe,

Ni mimi Philister, jirani ya babako. Nimepiga simu yako sana haishikwi, soja wa geti ananiambia huko kwenu simu zinafungiwa kwa droo mpaka jioni na siwezi ruhusiwa kupanda juu. Ameniahidi atakuletea hii karatasi.

Mzee tumemleta sasa hivi. Ako hapa chini kwa emajensi. Ni chini yako tu, Mbithe, ghorofa ya chini.

Jana hakufungua mlango. Leo asubuhi nimegonga, kimya, nikaita caretaker tukavunja. Tumempata anatetemeka mpaka kitanda inapiga ukuta, na mwili moto kama jiko. Nilipomvua koti ndio nikaona ako na mpira mgongoni na mfuko umefungwa kwa mguu, na mfuko ni mkavu. Mimi nimekaa mlango moja na yeye miaka yote na sikujua. Nisamehe.

Tukiingia geti na gari nilimuuliza, "Mzee, si ulikuwa urudi hosi mwanzo wa mwezi? Kadi yako imeandikwa hivyo." Akasema ndio. Nikamuuliza sasa mbona hukurudi. Akanionyesha kwa kidole juu, hivi, akasema, "Huko ndiko Mbithe anasoma."

Sikuelewa. Wewe labda utaelewa. Shuka haraka.

Philister


Ghorofa ya chini, nje ya chumba cha wagonjwa mahututi
24 Aprili 2025

Kwa Baba,

Wameniruhusu kuingia mara mbili. Umelala, na mashine ndiyo inayoongea. Nilikushika mkono nikashindwa kusema lolote, hata ukiwa umelala nimeshindwa. Kwa hiyo nimeomba karatasi kwa muuguzi.

Philister ameniambia ulichosema. Nimekaa kwenye benchi hili siku mbili nikikirudia. Uliichagua hospitali hii Januari ukijua niko meza ya uzazi, na hakuna karatasi ya mzee ambayo ingefika huko. Halafu mimi nikakuandikia, nikijigamba, kwamba kila karatasi ya figo inapita mikononi mwangu. Barua yangu ndiyo iliyokufungia mlango, Baba. Nilikuomba urudi hospitali huku nikiwa nimesimama mlangoni.

Na haikuwa kweli tena. Kwenye faili yako niliondolewa Machi kwa sababu wewe ni baba yangu, na kwa kukuandikia haya naweza kufukuzwa kazi; acha nifukuzwe. Ungerudi Aprili, nisingeona hata namba. Kulikuwa na sentensi moja ya kukuambia ambayo ingekutoa nyumbani, nayo ndiyo niliyokatazwa kuiandika, na mimi ni mtu wa kufuata kanuni, ulinilea hivyo. Nilipoandika "hayo nimekatazwa", wewe ulielewa kwamba karatasi zako nazisoma. Sasa naona.

Nimekasirika. Nimeikasirikia kanuni, nimejikasirikia mimi, na wewe nimekukasirikia zaidi. Umenipimia maisha bila kuniuliza. Miaka ile ya Mama unayoiita hasara ndiyo miaka niliyomjua mamangu. Alinisimulia mambo ambayo hata wewe huyajui. Nilikuwa nalia nikifua, ndiyo. Lakini hakuna aliyenilazimisha kukaa pale, na ningekuwa na nafasi ningekaa tena.

Daktari Kiragu amenieleza. Sasa ananieleza, kwa sababu huna uwezo wa kusaini na wamenikuta nimesimama hapa. Uchafu umelila figo lote. Kesho wanalitoa. Lingine linafanya kazi, anasema litatosha ukijitunza. Nimetia sahihi. Chini ya sahihi kulikuwa na mahali pa kuandika mimi ni nani kwako. Nililisoma swali hilo mara mbili, kwa sababu kwenye faili yako wewe uliandika huna mtu.

Amka. Ukiamka, kanusha au kubali, lakini amka.

Mbithe


Wodi ya wanaume, ghorofa ya pili
2 Mei 2025

Mwaitu,

Muuguzi ameniletea barua yako ikiwa imekunjwa kwenye trei ya uji. Nimeisoma. Kisha nimelala. Kisha nimeisoma tena.

Najua umekuwa ukija kila jioni na unakaa, na mimi nafumba macho kama niliyelala. Silali. Nakusikia ukirekebisha shuka miguuni kama ulivyokuwa ukimfanyia mama yako, na naona aibu ya kufumbua macho.

Nimemwomba muuguzi kalamu na nimejaribu kukuandikia kwa utaratibu wenu, ili usije ukarudishiwa karatasi. Januari niliwekewa mpira kwenye figo. Upande: wa kushoto. Mpira: mpya, sikuwahi kubadilishiwa kwa sababu sikurudi. Figo limetolewa tarehe 25 Aprili. Upande: wa kushoto. Mgonjwa ni mimi. Mzee Njuguna alikufa, Mungu amrehemu, nilimtumia vibaya. Na sahihi ni yangu, hii hapa chini. Mwambie huyo Debra wa meza yako aandike vizuri.

Barua yako haikunifungia mlango. Ningekuwa mtu wa kuongea ningekuambia Januari, ukanishika mkono, tukaja wote, na leo ningekuwa na mafigo mawili. Nilifikiri ninakukinga. Sikufikiri kwamba kuna kitu mama yako alikupa pale kitandani ambacho mimi nilikuwa nikikunyima. Hilo lilinipiga. Nililia, na mgonjwa wa kitanda cha pili akaita muuguzi akidhani kidonda kimefunguka.

Leo asubuhi wamekuja na karatasi mpya za kunihamisha wodi. Nilipofika mahali pa ndugu wa karibu, msichana akataka kunijazia, akauliza, "Mzee, niandike hakuna kama hapo awali?" Nikamnyang'anya kalamu. Nimeandika mwenyewe: Mbithe Kitonga, binti. Herufi b ikawa kama h, kwa hiyo nikakata nikaandika tena. Kisha nikamwambia anisomee kwa sauti nisikie. Akasoma. Nikamwambia asome tena.

Hii atakuletea Philister, maana stempu sina na wewe uko ghorofa moja tu juu ya kichwa changu.

Ukitoka kazini leo shuka. Usibebe karatasi. Kaa kwenye kiti, uniulize ninaumwa nini, na mimi nitafumbua macho nikujibu kwa mdomo.

Baba yako,
Kitonga